Moshi mweupe usikuuzie injini

Magari mengi yanayobeba mahindi na maharage kutoka Nakivale hadi Mbarara ni ya zamani, na moshi mweupe huwatia wenye mizigo hofu. Moshi huo ukionekana asubuhi ya baridi kisha ukapotea injini ikipata joto, ni mvuke tu. Ukiendelea, na maji ya rejeta yakapungua bila kuvuja chini, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Oili nayo ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, shusha mzigo, usijaribu kufika. Dizeli ina lake: moshi mweupe wenye harufu kali ya mafuta mara nyingi ni nozeli. Kwa maoni yangu, fundi anayedai injini nyingine kabla hajafungua kifuniko cha rejeta (injini ikiwa imepoa, jamani!) asipewe hata shilingi ya kishika uchumba.