Isaka, sauti ya kuiga na kura ya Wamarekani

Leo tutafakari habari za Isaka alipokuwa mzee na macho yake yamefifia. Aliisikia sauti ya Yakobo, akashuku, lakini akaamini ngozi za mbuzi mikononi mwake. Baraka ikapatikana kwa udanganyifu, na ndugu wawili wakatengana.

Januari 2024, wapiga kura wa jimbo la New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu. Sauti ilikuwa kama ya Rais Joe Biden, ikiwashawishi wasijitokeze kwenye kura ya mchujo. Haikuwa yake, ilitengenezwa kwa akili mnemba. Isaka angalau aliitambua sauti. Leo hata sauti imevishwa ngozi ya mbuzi.

Lakini usidhani teknolojia ndiyo iliyoanza kuwagawa. Januari 6, 2021, waliovamia Bunge mjini Washington ili kuzuia kuthibitishwa kwa matokeo ya urais walikuwa raia wenyewe, tena wapo waliobeba misalaba na mabango yenye jina la Yesu. Hapo sisi Wakristo tuinamishe vichwa. Wala usiseme hayatuhusu: mpango wa PEPFAR wa mwaka 2003, uliowalipia ndugu zetu wengi dawa za kufubaza VVU, ulipitishwa na Bunge hilohilo.

Na Isaka alikuwa mzee, jambo tunalolipita haraka tukisoma. Wamarekani waliozaliwa kati ya 1946 na 1964, kizazi kikubwa cha baada ya vita, wote watakuwa wamefikisha miaka 65 ifikapo 2030. Umri huo ndio wa kuingia Medicare, bima iliyoanzishwa kwa sheria ya 1965. Watoto wanaozaliwa wamepungua, hivyo wafanyakazi wanaokatwa kodi ya kuichangia wanazidi kuwa wachache kwa kila mzee. Wahamiaji wanaosaidia kuziba pengo hilo ndio wanaotukanwa majukwaani. Na watu zaidi ya milioni 25 hawana bima yoyote, katika nchi inayotumia fedha nyingi kuliko zote kwa matibabu. Hapo ni rahisi mwanasiasa kumwambia kijana kwamba mzee anamnyonya, na mzee kwamba mgeni anamwibia.

Esau na Yakobo walikuja kukumbatiana wakalia, na baadaye wakamzika baba yao pamoja. Ila ilipita miaka ishirini, na aliyedanganya ndiye aliyetangulia kuinama, mara saba. Huko Washington, mimi bado sijamwona wa kuinama hata mara moja.