Niambieni Omu, Msiniuzie Roho

Mwaka jana, siku ya kumbukumbu ya mjomba wangu, niliaibika mbele ya mama yangu na wageni kama ishirini hivi.

Mjomba alituachia sanduku la santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika, benga tupu: D.O. Misiani na Shirati Jazz, na bendi nyingine ambazo nimezitafuta mtandaoni nikazikosa kabisa. Mama aliomba wimbo mmoja tu, ule ambao kaka yake alikuwa akiupiga kila Jumamosi jioni enzi zao Kaloleni. Nikasema hiyo ni kazi ndogo. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimefunga katriji mpya kwenye mashine yangu ya santuri. Sh45,000, malipo ya makala ya karibu miezi mitatu. Aliyeniuzia aliniapia kwamba nikishaisikia sitarudi nyuma.

Nikaweka sindano. Kilichotoka kilikuwa kama mtu ananong'ona nyumba ya pili. Nikaongeza sauti. Nikaongeza tena mpaka kitufe kikagota, na pamoja na gitaa likaja vumo moja kubwa kama friji nzee. Wageni wakaanza kuangaliana. Mama akanigusa bega. "Wacha tu, baba. Zima."

Katriji haikuwa mbovu. Mashine haikuwa mbovu, wala santuri ya mjomba. Kilichokosekana ni hesabu ambayo mtoto wa kidato cha pili anaweza kuifanya, na mtu aliyechukua pesa yangu hakuona haja ya kuifanya na mimi. Ugomvi wangu ni huo, na si na yeye peke yake. Ni na tabia nzima ya mji huu ya kuuza vyombo vya muziki kama vile mganga anavyouza hirizi.

Vijana wa rika langu wamerudi kwenye santuri. Nenda Kenyatta Market, pita wasusi na moshi wa nyama choma, utawakuta wameinama juu ya makasha wakipekua. Mse ananunua mashine ya mtumba, anapata spika za mzee wake, anaanza na santuri tatu. Mpaka hapo raha mustarehe. Shida inaanza siku anapouliza, "Naweza kuboresha nini?" Hapo ndipo anapokutana na wale mabwana wa masikio. Watamwambia katriji hii ina roho. Ile ina joto. Transfoma fulani inaleta hewa kati ya vyombo. Muulize bwana mmoja, hii inatoa milivolti ngapi? Atakutazama kana kwamba umetukana msibani.

Sasa acha nikupe kile ambacho mimi sikupewa.

Katriji ni jenereta ndogo sana. Sindano inatikisika ndani ya mfereji wa santuri, na mtikisiko huo unageuzwa kuwa umeme kwa sumaku na koili ya waya. Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza, sumaku ndiyo inayosonga na koili imetulia. Koili hiyo inaweza kuwa na waya mwingi, kwa hiyo inatoa kama milivolti 4 au 5. Ya pili, koili yenyewe ndiyo inayosonga. Lazima iwe nyepesi, kwa hiyo waya ni mchache, na umeme unashuka mpaka sehemu ya milivolti moja. Yangu ilikuwa Denon DL-103, katriji ya koili iliyobuniwa Japani miaka ya 1960 kwa kazi ya utangazaji, na mpaka leo bado inaheshimika. Inatoa milivolti 0.3.

Umeme huo mdogo unaingia kwenye amplifaya ya fono, ambayo ina kazi mbili. Kwanza inarekebisha sauti, kwa sababu santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, kwa kanuni iitwayo RIAA iliyokubaliwa 1954. Bila kupunguza besi, mifereji ingekuwa mipana mno na wimbo usingetosha. Pili, inakuza. Amplifaya ya fono ya kawaida, iliyotengenezwa kwa katriji za sumaku, inakuza kwa desibeli 40 hivi, yaani mara 100.

Piga hesabu na mimi. Milivolti 5 mara 100 ni 500, na hapo muziki unasikika vizuri. Milivolti 0.3 mara 100 ni 30. Ule mnong'ono wa siku ya kumbukumbu ni hizo 30. Yule muuzaji alijua nina amplifaya ya aina gani, kwa sababu nilimwonyesha picha kwa simu. Alichohitaji ni kuzidisha kwa mia. Hakuzidisha.

Niliporudi kulalamika, alifurahi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Akasema, "Bro, sasa umefika level ya transfoma." Akatoa kisanduku kizito cha chuma, cha mtumba, Sh30,000. Mizunguko ya waya ndani yake ilikuwa ya uwiano wa 1 kwa 40. Akaniambia wengine wanahangaika na za 1 kwa 10, mimi nimepata yenye nguvu mara nne. Nikakopa nikalipa.

Kweli sauti ilipanda. Lakini ilikuwa imebanwa, kama bendi inapiga ikiwa imefunikwa blanketi. Nikamrudia tena. Safari hii akasema tatizo ni amplifaya ya fono, ninahitaji nyingine, na anayo moja nzuri. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa biashara ilivyo. Kila chombo ninachouziwa kinakuwa sababu ya kuuziwa kingine.

Aliyeniokoa ni fundi wa redio karibu na Luthuli, mzee asiye na spika hata moja ya kujivunia. Nilimpelekea kila kitu ndani ya mfuko wa sandarusi. Aligeuza risiti yangu, akachukua kalamu, akasema, "Kijana wangu, transfoma ulisoma shuleni au hukusoma?"

Nilisoma. Tena nilisoma uhandisi wa umeme chuoni kwa mwaka mmoja na nusu kabla karo haijanishinda. Transfoma iko kwenye fizikia ya kidato cha nne. Haizalishi nguvu. Ikipandisha volti mara kumi, mkondo unashuka mara kumi. Kwa hiyo ukinzani unaoonekana na katriji, yaani mzigo inaousukuma, unagawanywa kwa uwiano uliozidishwa kwa wenyewe. Amplifaya ya fono ya kawaida ina mzigo wa omu 47,000. Koili ya katriji yangu ni omu 40. Fundi akaandika mistari mitatu.

Transfoma ya 1 kwa 10: gawanya 47,000 kwa 100, katriji inaona omu 470. Hiyo ni zaidi ya mara kumi ya koili, karibu ishara yote inapita. Inafika kama milivolti 2.8.

Transfoma ya 1 kwa 20: gawanya kwa 400, katriji inaona omu 117. Robo ya ishara inapotea, lakini kinachofika ni milivolti 4.5. Safi kabisa.

Transfoma ya 1 kwa 40: gawanya kwa 1,600. Katriji inaona omu 29.

Akapigia mstari hiyo 29. Ni ndogo kuliko koili yenyewe. Zaidi ya nusu ya umeme unapotelea ndani ya katriji kabla haujatoka. Ukiacha upotevu wa waya za transfoma yenyewe, kinachofika ni milivolti 5.1. Yaani nimeongeza uwiano maradufu kutoka 20 hadi 40, nimepata nyongeza ya milivolti 0.6, na katriji niliyoilipia jasho imelemewa na mzigo ambao haikuundiwa. Nguvu mara nne ilikuwa hadithi. Fundi alimaliza kazi hiyo kwa dakika tano, akakataa hata pesa ya chai.

Sasa nasikia jibu lao, kwa sababu wamenijibu mara nyingi: "Muziki si hesabu. Sikio ndilo hakimu." Sawa. Hata mimi naamini sikio ndilo hakimu. Lakini hakimu anasikiliza kesi baada ya ushahidi kuletwa mahakamani. Kati ya omu 470 na omu 117 kuna nafasi ya ladha, na hapo tunaweza kubishana mpaka alfajiri. Wapo hata wanaoipenda sauti iliyolemewa, na ni haki yao, mradi wameichagua wakijua. Mimi sikuchagua. Niliambiwa masikio yangu bado hayajakomaa. Angalieni ujanja wa maneno hayo: kosa la muuzaji linageuka kuwa upungufu wa mwili wa mnunuzi.

Na hesabu hizi si za vyombo vya bei peke yake. Hata katriji ya sumaku ya bei nafuu ina zake. Audio-Technica AT-VM95E, kwa mfano, inatoa milivolti 4, inataka mzigo wa omu 47,000, na kapasitansi ya kati ya pikofaradi 100 na 200. Kapasitansi hiyo ni jumla ya waya na amplifaya. Waya wa mita moja unaweza kubeba pikofaradi 100 peke yake. Ukiuziwa waya mrefu "wa kitaalamu" na amplifaya yenye pikofaradi 220 ndani, umevuka mpaka, na sauti za juu zinaanza kuchoma masikio kisha zinakatika. Utarudi dukani useme katriji inapiga kelele. Unadhani utauziwa nini?

Kuna wengine watakaonicheka kutoka upande wa pili. Watasema haya ni matatizo ya watoto wa Kilimani, watu wanatafuta unga na wewe unalilia milivolti. Hao pia nina neno nao. Mwenye pesa hahitaji hesabu. Anaweza kununua transfoma tatu, akazijaribu, akaweka mbili kabatini. Asiyeweza kukosea hata mara moja ndiye anayehitaji namba. Mimi nilikosea mara mbili na nikalipa deni miezi saba. Usiri huu unamla maskini kwanza, kama usiri mwingine wowote wa nchi hii.

Tena kuna jambo kubwa kuliko mfuko wangu. Santuri za mjomba ziko kwenye mifereji ya plastiki, na nyingi haziko kwingine kokote ninapojua. Kila kijana anayekata tamaa kwa sababu mashine yake inanong'ona au inavuma, anaiuza, na sanduku la santuri linarudi chini ya kitanda. Huo ni muziki wa mama zetu unaonyamazishwa mara ya pili, na safari hii kwa kukosa hesabu ya kugawanya.

Kwa hiyo wauzaji, hili ndilo dai langu, na ni dogo. Kwenye katriji, andikeni milivolti, omu za koili na mzigo unaopendekezwa. Kwenye amplifaya ya fono, andikeni desibeli, omu na pikofaradi. Kwenye transfoma, andikeni uwiano, na mwambieni mteja kwamba inachomekwa kwenye tundu la katriji za sumaku, si lile la koili. Namba hizi zimo kwenye karatasi za watengenezaji. Hazihitaji utafiti wala sikio la dhahabu. Mkishaziandika, uzeni roho mnavyotaka.

Nawe mnunuzi, uliza. Mimi niliona haya. Mtu aliyewahi kukaa darasa la uhandisi ataulizaje swali la kidato cha nne? Mficha uchi hazai. Aibu yangu ilinigharimu Sh75,000. Ukiambiwa "utaisikia tu mwenyewe" kabla hujaambiwa namba, rudisha pesa mfukoni uende nyumbani.

Niliuza vyote viwili kwa hasara, nikanunua ile katriji ya sumaku ya Audio-Technica, nikapima waya, nikajumlisha pikofaradi. Mama alipokuja Desemba nilimwekea wimbo wake. Aliusikiliza mara mbili bila kusema kitu. Kisha akauliza kwa nini haukusikika hivi siku ile mbele ya watu.

Nikamwambia hakuna aliyepiga hesabu.

"Hata wewe uliyesomeshwa?"

Hata mimi, mama.