Usiivishe Sakafu Ingali Mbichi

Akina mama kadhaa wametuuliza juu ya zile sakafu za lamineti zinazofanana na mbao, kama zinaweza kutandikwa juu ya sakafu ya saruji ya kawaida. Zinaweza, tena bila kuibomoa ile ya zamani wala kuzibandika kwa gundi. Lakini familia nyingi hupoteza fedha hapa kwa sababu ya kitu kisichoonekana kwa macho, nacho ni unyevu uliomo ndani ya zege.

Kwanza tujue tunanunua nini. Lamineti si mbao halisi. Ni nyuzi za mti zilizosagwa, zikachanganywa na gundi na kushindiliwa kwa joto hadi zikawa ubao mgumu. Juu yake hubandikwa karatasi yenye picha ya mbao, na juu ya picha kuna utando usiochubuka upesi. Kampuni ya Perstorp ya Sweden ndiyo iliyoibuni mwaka 1977. Ule utando hustahimili maji kidogo, lakini tumbo la ubao ni kama mkate: likinywa maji huvimba, na hata likikauka halirudi lilivyokuwa.

Sasa zege. Utasikia fundi akisema limekomaa kwa siku 28. Siku hizo ni za kupata nguvu, si za kukauka. Wajenzi hukadiria mwezi mmoja kwa kila sentimeta 2.5 za unene, kwa hiyo sakafu ya sentimeta 10 yahitaji kama miezi minne, na zaidi ya hapo katika miji yenye hewa ya unyevu kama Tanga na Mombasa. Nyumba za zamani nazo zina shida yao. Nyingi hazikuwekewa nailoni chini ya zege, na unyevu wa ardhini hupanda miaka yote. Ukiinua mkeka ukakuta ukungu upande wa chini, au ukiona unga mweupe kama chumvi umetokeza sakafuni, umekwisha kupata jibu.

Liko jaribio ambalo mama yeyote anaweza kulifanya. Kata nailoni angavu, nusu meta kila upande, uibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne pasibaki upenyo. Iache siku mbili. Ukikuta matone chini yake, au saruji imekuwa nyeusi kuliko ya pembeni, ngoja. Jaribu penye kona na katikati ya chumba, na kama inawezekana, wakati wa masika. Pakiwa pakavu, usiiache nailoni ya kuzuia unyevu hata hivyo, maana jaribio hili halioni kila kitu.

Tunajua kungoja ni kugumu. Mara nyingi sakafu huharakishwa kwa sababu kuna kipaimara au wakwe wanakuja, na baba ameshatoa fedha. Ketini pamoja mhesabu, kama yule mjenga mnara wa Luka 14:28. Na kama unyevu unatoka ardhini, ushauri wetu ni kuachana na lamineti kabisa. Nailoni huzuia mvuke. Maji yanayopanda yatatafuta njia ukutani. Weka vigae, au baki na niru yako iliyopakwa rangi nyekundu. Hakuna aibu katika sakafu nyekundu inayong'aa.

Pakiwa pakavu kweli, msimamie fundi kwa mambo machache. Mabonde na vilima visizidi milimeta 3 katika urefu wa meta 2. Nailoni ya milimeta 0.2 ipandane sentimeta 20 penye maungio, kisha sponji nyembamba juu yake. Maboksi yalale chumbani saa 48 kabla ya kufunguliwa. Maungio ya mstari mmoja yasilingane na ya mstari wa pili. Ukutani kote iachwe nafasi ya milimeta 10, ikishikiliwa na kabari hadi kazi iishe. Fundi wengi huidharau nafasi hii, na sakafu ikitanuka huinuka katikati kama mgongo wa ng'ombe.

Mchwa tusiwasahau, penye mchwa, watibuni kwanza.

Mwisho ni kudeki. Ile desturi yetu ya kumwaga ndoo ya maji na kusukuma kwa fagio haifai hapa hata mara moja. Fagia, kisha pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana. Msichana anayekusaidia nyumbani aelezwe siku ile ile, na umwonyeshe kwa mkono. Nunua asilimia 10 zaidi ya kipimo cha chumba, na mabaki uyahifadhi mahali pakavu, kwa kuwa mwakani duka huenda lisiwe na rangi ile.