Aliyesema Ndiye Aliyehamishwa

Shangazi yangu ni muuguzi. Miaka mingi alikuwa wodi ya watoto wachanga katika hospitali moja ya kaunti. Siitaji jina, kwa sababu mshahara wake bado unatoka kaunti hiyo hiyo. Aliona mashine ya oksijeni ikijizima usiku, akaandika kwenye kitabu cha zamu. Akaandika tena. Mara ya tatu akampelekea msimamizi barua na kubaki na nakala. Baada ya wiki mbili jibu likaja: ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu kwa kuchafua jina la hospitali. Mwezi uliofuata akapewa transfa hadi zahanati moja huko mbali. Mashine haikuhamishwa. Ilibaki palepale.

Yeye ndiye alikuwa ananilipia karo. Kodi za nyumba zikawa mbili, nauli ikapanda, nami nikaacha chuo mwaka wa pili. Kwa hivyo sijifanyi mtazamaji hapa. Nina kesi na hawa mabosi.

Watakwambia kuna utaratibu wa kulalamika. Sawa, shangazi aliufuata hatua kwa hatua, na utaratibu ndio uliompiga. Pia watakwambia kuna sheria. Kweli ipo: kifungu cha 16 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 kinakataza mtu kuadhibiwa kazini kwa kutoa taarifa yenye maslahi ya umma. Lakini barua ya transfa haisemi "tunakuadhibu." Inasema "mahitaji ya kikazi." Hebu niambie, muuguzi anayelipa mkopo wa sako atapata wapi pesa za wakili wa kuthibitisha tofauti?

Mnakumbuka Kenyatta, mwaka wa 2018? Mgonjwa alifunguliwa fuvu kutafutwa damu iliyoganda, na damu haikuwepo, maana mgonjwa hakuwa yeye. Aliyehitaji upasuaji alikuwa mwingine. Wa kwanza kusimamishwa kazi walikuwa watu wa wodi na theata: daktari, wauguzi, mtoa dawa ya usingizi. Afisa mkuu alipelekwa likizo ya lazima habari ilipokuwa imeshatapakaa nchi nzima. Sisemi walio chini hawakosei. Nasema mtu akikosea saa nane usiku, kuna mtu mwingine aliyepanga zamu hiyo mchana, ofisini, akiwa amekaa.

Na si Kenya tu. Kule Bristol, Uingereza, daktari wa usingizi anayeitwa Stephen Bolsin alianza kupiga kelele mapema miaka ya 1990 kwamba watoto wa upasuaji wa moyo wanakufa kupita kiasi. Ripoti ya uchunguzi ya 2001 ilikadiria kuwa kati ya 1991 na 1995 watoto 30 hadi 35 zaidi ya waliotarajiwa walikufa. Wakati huo Bolsin alikuwa ameshahamia Australia. Huyo ni daktari, tena Mzungu kwao. Sasa muuguzi wetu je?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walikuwa wanamwonya mgonjwa. Hawakujua kutakuja siku ambapo anayeficha ni hospitali, na anayekufa ni mtu mwingine kabisa.

Juzi nilimpigia shangazi. Akaniambia friji ya chanjo huko zahanati imeanza kusumbua. Nikamuuliza kama ameripoti. "Bado, mwanangu," akasema. "Kwanza nione."

Huyu ni mwanamke aliyeandika mara tatu. Hivyo ndivyo wanavyomfundisha mtu kunyamaza, na hilo somo halitolewi kwake peke yake. Wodi nzima inaangalia.

Kwa hivyo siku nyingine ukisikia muuguzi amesimamishwa kazi na waziri anaahidi uchunguzi, usipige makofi haraka. Uliza swali moja kwanza: nani alikuwa ameshasema, na mlimfanya nini? Kama hawana jibu, bado hawajaanza kuchunguza.