Siasa za Dunia Baada ya Kengele ya Mwisho

Septemba 2024, wafanyakazi wa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta waligoma kupinga mpango wa kuukabidhi kwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30. Novemba, waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kesi ya hongo dhidi ya Gautam Adani, tuhuma ambazo kampuni yake ilizikana. Kesho yake Rais Ruto akaufuta mpango. Uwanja huo uko Embakasi, si mbali na mtaa huu wa Tassia. Je, nani aliwaeleza vijana wa shule za huku jinsi mashtaka ya New York yanavyovunja mpango wa Nairobi?

Silabasi ya Historia na Serikali haijaisahau dunia. Kidato cha nne kuna Umoja wa Mataifa, Jumuiya ya Madola na nchi zisizofungamana na upande wowote. Lakini mengi hukaririwa kwa ajili ya mtihani wa KCSE: malengo matano, changamoto tano, na wasiochagua Historia hata hayo hawayapati.

Ndiyo maana naunga mkono wanafunzi wa vyuo vikuu kuingia shuleni kwa kujitolea kujadili siasa za dunia. Hawakimbizani na silabasi. Wanaweza kumaliza alasiri nzima kwenye swali moja, hata wakashindwa kulijibu.

Lakini waje saa za vilabu, mwalimu akiwapo. Sheria ya Tume ya Kuwaajiri Walimu ya 2012 hairuhusu asiyesajiliwa kufundisha, na ni sheria nzuri: mwalimu mkuu aliyepungukiwa na walimu, anayewalipa walimu wa bodi ya shule (BOM) kwa karo inayochelewa, akipata kijana wa bure atampa vipindi. Hapo kujitolea kutakuwa kumemnyima mtu ajira.

Hofu ya siasa siikubali kirahisi. Tangu maandamano ya Juni 2024 ya kupinga ushuru, kijana wa chuo akitaja IMF mbele ya wanafunzi, wakuu wengine watashtuka. Lakini utafundishaje mikopo ya nje bila kugusa ushuru? Mwalimu aliye darasani amzuie mhubiri wa chama, si mada.

Kuna jambo dogo ambalo wapangaji hupenda kuliruka, nalo ni nauli. Asiyelipiwa matatu atakuja mara mbili tatu kisha apotee, na watakaobaki ni wale wenye wazazi wa kuwapa pesa. Chuo kinachojisifu kwa kuhudumia jamii kiitenge nauli hiyo kwenye bajeti yake kabla muhula haujaanza.