Asilimia 51 ni zetu, tusizibwe midomo

Makamanda, mimi ni Simba damu, kadi ya uanachama ninayo. Mwaka 2017 Mo Dewji alishinda zabuni: yeye asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20, wanachama 51. Sawa. Robo fainali ya Afrika 2019 tulishangilia wote.

Lakini kijiweni ukiuliza mahesabu ya hiyo 51 unaambiwa wewe Yanga! Yaani mwenye fungu kubwa ndiye anayezibwa mdomo. Lugha hii tunaijua: ukihoji bajeti ya nchi unaitwa msaliti.

Jina lilibadilika 1971, kutoka Sunderland kuwa Simba, wazee wetu hawakuhama Msimbazi. Tajiri yeyote anaweza kuondoka kesho. Mkutano mkuu ujao nitaomba mahesabu mezani. Mkitaka, nizomeeni.