Moto ukizimwa, maji ndiyo yanayomaliza vitabu

Jumapili ya Aprili 18, 2021, moto ulioshuka kutoka miteremko ya Table Mountain uliingia Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, ukateketeza ukumbi wa Maktaba ya Jagger. Vitabu vya masomo ya Afrika vipatavyo 70,000 viliungua, pamoja na filamu kama 3,500 zilizokuwa kwenye DVD.

Lakini si kila kitu kilikwenda. Vizuizi vya moto vilijifunga, miali haikufika vyumba vya chini vyenye nyaraka za kale. Shida ikageuka: maji ya zimamoto yakatiririka huko huko chini.

Hapa ndipo wengi tunakosea hesabu. Karatasi iliyolowa huanza kuota ukungu ndani ya siku mbili tatu, na joto la pwani yetu halisubiri hata hizo. Ukianika kitabu juani, kinajikunja. Kurasa zinazong'aa zikikauka zimebanana, hazibanduki tena. Dawa ni friza: ukigandisha, ukungu unasimama, halafu unakausha taratibu hata miezi baadaye. Cape Town walifanya hivyo. Watu wa kujitolea walipanga mstari, kreti za plastiki zikapita mkono kwa mkono, vilivyolowa sana vikaingia kwenye makontena ya baridi.

Kwetu je? Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883 na baadaye likawa makumbusho, iliporomoka pale Mji Mkongwe, Zanzibar, likiwa kwenye ukarabati. Watu wawili walifariki. Na mwaka 2012 kipande chake kilikuwa kimeshaanguka, yaani onyo lilikuwepo.

Kila mara mjadala wetu huwa wa jengo: mkandarasi nani, fedha za nani. Vilivyomo ndani havina msemaji. Ofisi ya nyaraka ikishatundika mtungi wa kuzimia moto ukutani, basi, tumeridhika. Mtungi haujui rafu ipi itolewe kwanza, ufunguo anao nani saa nane usiku, wala kreti ziko wapi.

Na friza? Dar, Mombasa na Unguja kuna vyumba vya baridi vya samaki. Barua ya makubaliano na mwenye chumba, ikiandikwa sasa wakati kumetulia, gharama yake ni karatasi na wino. Subiri mpaka maji yameingia, utamkuta kajaza samaki wake humo, na wewe hata jina lake hulijui.